Neno Alilolisema Faraj Mwuza Maji

Katika mji mzima wa Muharraq hapakuwa na mlango wa uani usiomjua Sabika binti Sanad. Mumewe alikuwa mzamia lulu. Bahari ilimchukua, na haukupita muda biashara yenyewe ya lulu nayo ikafa. Sabika akajitwika furushi la vitambaa, akawa anauza nyumba kwa nyumba, kwa wanawake wasiokwenda sokoni. Walinunua vitambaa, lakini walichomngojea hasa ni habari: nani kaposwa, nani kajifungua, nani kanuniana na mke mwenzake. Ulimi wake ulikuwa mtamu, na hakuwa mchoyo nao.

Kisha vita vya dunia vikakaza. Mjapani akaichukua Burma kulikotoka mchele, nao ukakoma kuingia bandarini. Badala yake ukaja unga wa shayiri wa mgawo, umejaa mchanga, na watu wakaupigania tangu alfajiri. Watoto wakawa wanalala na tende na maji. Posa na harusi zikanyamaza; kila uani Sabika alikoingia, habari ilikuwa moja tu, njaa.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Najiya, mke wa Karani Yaqub, mtu wa Basra aliyekuwa akiandika na kufasiri katika ofisi ya Mwingereza, bwana mkubwa wa serikali pale. Nyumbani kwao sukari ilikuwa bado haijakatika. Najiya humimina chai, na mumewe huketi nyuma ya pazia, akakohoa kidogo kuonyesha kwamba yupo.

"Mama mdogo, huko mitaani wanasemaje?" Najiya huuliza.

Sabika hakuwa mjinga. Alijua maneno yanayopita kwenye pazia lile huandikwa, na yakishaandikwa humfikia Mwingereza. Ndiyo sababu alikuwa akiyasema kwa sauti.

"Mwambie bwana wako, kwetu watu wanasaga kokwa za tende wachanganye na unga. Wanaonyonyesha wamekaukiwa na maziwa. Mwingereza ana meli, asishindwe kutuletea mchele."

"Nitaandika, mama," sauti ya karani hujibu.

Akarudi huko mara nyingi, na kila mara akasema yale yale, maana aliamini kwamba mlango ukibishwa sana hufunguliwa.

Siku moja alimkuta Najiya amejiinamia, kapokea habari za msiba kutoka Basra. Sabika akataka kumchangamsha. Akamhadithia neno la jirani yake Faraj.

Faraj alikuwa mwuza maji, akiyachota chemchemini na kumpakia punda wake viriba vya ngozi viwili viwili. Ukuta mmoja tu ulitenga ua wake na ua wa Sabika. Mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. Jioni mkahawani watu huizunguka redio, wakasikiliza Berlin, kisha wakasikiliza London, wakabishana mpaka kahawa ipoe. Basi Faraj akawaambia, "Berlin anatuahidi uhuru, London anatuahidi ushindi. Mimi namngoja atakayetuahidi mchele. Huyo nitamchezea ngoma hata akija na mapembe kichwani."

Najiya alicheka mpaka akajishika mbavu. Nyuma ya pazia hakucheka mtu.

Haukupita muda, askari wawili walimkamata Faraj pale pale chemchemini. Punda alirudi nyumbani peke yake, viriba vikivuja mgongoni.

Zahwa, mkewe Faraj, akaingia kwa Sabika na mtoto kiunoni. "Dada Sabika, wewe unaingia kwa karani. Niulizie, Faraj kafanya nini? Hata kugombania foleni hajui."

Sabika alijua jibu kabla ya kwenda kuuliza. Alikwenda hivyo hivyo, bila furushi, akasimama mbele ya pazia asikubali kuketi.

"Karani, yule mtu alikuwa anatania."

"Najua, mama."

"Sasa uliandikaje?"

"Niliandika alivyosema. Bwana mkubwa akafupisha. Kwa kifupi ikawa mwuza maji mmoja hutamka hadharani kwamba atamshangilia adui akija."

"Na kokwa za tende je? Na wenye watoto wachanga? Hayo hayakufupishwa?"

"Niliyaandika pia. Yamekuwa mstari mmoja: chakula ni haba, lakini watu wametulia."

Sabika akashika pazia. "Basi andika kwamba nimesema uongo. Andika Sabika ni mzushi, hakuna aliyesema chochote."

"Mama, karatasi imeshavuka bahari. Nikiandika hivyo utafungwa wewe, na yeye hatafunguliwa. Mimi nami nina watoto." Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. Hilo ndilo lililomvunja nguvu zaidi. Angekuwa mbaya, angemlaani.

Akaona amebakiwa na Mwingereza mwenyewe. Alijua kwamba bwana huyo hupenda kupita sokoni kwa miguu, akisalimia watu kwa Kiarabu chao. Sabika akamvizia penye maduka ya vitambaa, akamsimamisha njiani, barakoa usoni.

"Bwana, Faraj mwuza maji hamjui Mjerumani. Anaijua njaa tu. Mrudishe kwa wanawe."

Mwingereza alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama. Akamwuliza jina la mtaa wake. Akasema, "Inshallah, tutatazama," akamtakia heri, akapita.

Sabika alikwenda nyumbani kama mwenye mbawa. Alipoingia tena kwa Najiya, akamkuta hawezi kumtazama usoni.

"Mama mdogo, umeandikwa," Najiya akasema. "Kwamba wanawake wa sokoni wanamjia bwana mkubwa na kuzungumza naye bila woga, na hiyo ni dalili njema."

"Na Faraj?"

"Faraj hakutajwa."

Jioni ile alizunguka ukuta kwenda kwa Zahwa, akamwambia yote, tangu chai mpaka sokoni. Alitarajia kutukanwa. Zahwa alimsikiliza huku akimkogesha mtoto, akamfuta maji, akamvika, kisha akasema, "Nenda kwako, dada." Hakusema naye tena. Punda aliuzwa. Faraj akapelekwa kisiwa cha wafungwa kuvunja mawe, na Zahwa na wanawe wakapanda mashua kwenda nchi ya Hasa, ng'ambo ya bahari, kwa baba yake Zahwa. Sabika alifika pwani na furushi dogo la tende. Likapokewa na mkono wa mtoto. Mama mtu alikuwa anatazama bahari.

Vita vilipokwisha, mtu mwembamba mwenye mguu mbovu alibisha mlango uliofungwa wa kwa Zahwa. Sabika ndiye aliyetoka, nyumba ya pili.

"Wako wapi?" Faraj aliuliza.

"Hasa, kwa baba mkwe wako. Wazima."

Alimshukuru Mungu, akaketi kizingitini. Sabika akaketi mbali kidogo, akakiri kwamba ulimi wake ndio uliomfunga.

Faraj alifikiri sana. "Nilisema nini hasa? Huko hakuna aliyeniambia."

Sabika akamwambia. Alisikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine, wala midomo yake haikucheza. Akaomba maji, akanywa, akauliza kama kuna mashua inayoondoka kesho. Hakumlaumu na hakumsamehe.

Aliondoka, na habari zikaja baadaye kwamba aliwapata. Sabika aliendelea kuuza vitambaa, maana mtu lazima ale. Akiingia uani wanawake humkaribisha vizuri, wakapima nguo, wakachagua rangi, wakaulizana bei. Kisha hunyamaza, wakamngoja aondoke.