Visahani Nilivyoacha Kuosha

Ndugu wasomaji, kosa ni langu, na msinitafutie sababu. Mimi mwenyewe nimezitafuta miaka mitano, sijapata hata moja ya maana.

Nilikuwa mtu wa mashine! Karibu na Mushaki, mzungu mmoja mwenye ng'ombe alileta mashine ya kutenga krimu na maziwa. Unamimina maziwa juu, unazungusha mkono wake, krimu inatoka mdomo huu, maziwa mepesi mdomo ule. Mzungushaji alikuwa mimi, na aproni nyeupe, na kalamu mfukoni ya kuandikia nini, Mungu ndiye ajuaye.

Ndani ya mashine ile mna visahani vya chuma ishirini na viwili, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kila ukimaliza kazi lazima uvitoe vyote, uvioshe kwa maji ya moto kimoja kimoja, uvirudishe kwa mpango wake. Kazi ya kuchosha! Mzungu akiwapo, niliosha. Akienda Goma, nilimwaga maji baridi juu, nikazungusha mara tatu, nikavua aproni. Chuma hakiozi, nilijiambia. Sikieni akili ya fundi!

Na bado nilikuwa nawacheka wengine. Mama mkwe wangu, mtu wa ng'ombe, alisugua vibuyu vyake vya maziwa, kisha akavifukiza kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri, asubuhi na jioni. Mimi niliita ushenzi. Nilikuwa nimeomba ile karte ambayo serikali ya Wabelgiji huwapa weusi wanaohesabiwa kuwa wamestaarabika, na komisyo, yaani tume yao, ilikuwa ije kukagua nyumba yangu: kitanda, meza, uma, choo. Mtu anayengoja karte hawezi kusifu moshi.

Baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, mama mkwe alikuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Siku kubwa hiyo! Mzungu alikuwa safarini siku ya tatu. Nilileta krimu nzito kutoka kwenye mashine, ya kilauri kimoja tu, ya mgeni peke yake.

Aliyeipeleka mezani ni mama mdogo, mke wa pili wa baba yangu, mwenyeji wa Buleusa, kule Walikale kwenye mwitu. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, mimi sijaanza hata kutembea. Kwetu anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Mama mdogo akainua kilauri aonje. Niliruka!

"Acha, Mama! Hapa haiko mu pori. Kwa bantu ba sivilize, muntu hawezi tiya mudomo ku kilauri ya mwengine!"

"Sawa, mutoto wangu," akasema, akakiweka mbele ya mgeni.

Mama mkwe alinusa. Nilimwona akinusa! Lakini angekataaje maziwa ya mkwe wake, siku ya kwanza? Akanywa yote, akafuta midomo, akasema, "Aksanti, Papa. Iko muzuri."

Kabla jua halijazama alikuwa anatapika na kuhara mpaka macho yakaingia ndani. Ndugu zake wakafika, na walikuwa na maswali mawili tu: nani alileta kile kilauri, na je, alionja?

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikimbilia kwenye mashine, nikaifungua. Ee Bwana wangu! Visahani vilikuwa vimeshikana kwa ute wa manjano, na harufu yake ilinirudisha nyuma hatua mbili. Nikachemsha maji, nikaviosha vyote mpaka vikang'aa. Sijawahi kuosha kitu namna ile maishani! Mzungu aliporudi alinipiga bega: "Wewe iko muntu safi sana!"

Baraza la wazee likakaa. Mzee mmoja akamwuliza mama mdogo, "Mama, ulionja?"

"Hapana."

"Juu ya nini haukuonja?"

"Muulize mutoto wangu. Yeye njo anajua."

Watu wote wakanigeukia. Neno moja tu lilitakiwa! Lakini ningekiri kwamba nilimkataza, wangeuliza krimu ilikuwa na nini. Krimu ingewapeleka kwenye mashine, mashine kwa mzungu, na mzungu kwa komisyo. Nikakohoa.

"Sikuona," nikasema. "Nilikuwa nafungula dirisha."

Dirisha! Mstaarabu mzima, nimejificha nyuma ya dirisha.

Mama mdogo hakunibishia. "Bantu ba pori banajua dawa," akasema mmoja pale, na hiyo ndiyo ikawa hukumu: sumu ni yake. Kesho yake mama mdogo alifunga nguo zake ndani ya kitenge, akashika njia ya Walikale kwa miguu, na umri wake ule, na mwitu wote ule.

Mama mkwe alipona. Alipopata nguvu ya kuzungumza aliuliza, "Ule mama iko wapi? Si mukwe njo alimukataza kuonja?" Mke wangu alisikia. Alimfunga mtoto mgongoni, akasema anamsindikiza mama yake nyumbani, na hadi leo bado wanasindikizana; lakini baraza halikuitwa tena.

Karte niliipata! Komisyo walihesabu uma, wakafunua sufuria, wakasifu usafi. Hakuna aliyeuliza watu wa nyumba hii wamekwenda wapi.

Mwishowe nilijikaza, nikaenda Buleusa kuomba msamaha. Nilichelewa. Mama mdogo alikuwa ameshazikwa, na kaka yake alikuwa anang'oa majani kando ya kaburi.

"Papa, weye ni nani kwake?" akaniuliza.

"Niko napita tu," nikajibu. Nikapita!

Enyi wenye mashine, za kusaga, za kukamua mawese, za maziwa: zifungueni, osheni ndani, hata kama bwana hayupo. Na mtu akiugua mezani kwako, sema upesi ulichofanya, kabla wengine hawajatafuta mtu wa kumshika. Msifanye kama mimi! Jina la mama yangu mdogo lilitajwa mbele ya baraza zima, na huku Mushaki watoto wanatishana nalo mpaka leo. Langu, tazameni hapa chini, nimeogopa kuliandika.