Hongera, Presha Yako Iko Sawa

Siku hizi mtu akiniambia "kuna app moja poa sana," mimi huifunika simu yangu kwa mkono kabla hajamaliza kusema. Wengine hudhani nina siri. Sina siri yoyote. Nina shemeji.

Shemeji huyu amemuoa mdogo wangu, wanaishi Ayany, na anauza kava za simu kwenye kibanda si mbali na nyumbani. Ni mtu wa kanisa, hanywi, mkewe hamgusi kwa ubaya, na ukoo mzima unampenda isipokuwa mimi. Hawezi kuiona simu ya mtu akaiacha ilivyo. Salamu yake si "niaje" wala "sasa". Ni "leta hiyo simu nikuwekee kitu," na akifika kwenye neno "kitu" simu iko tayari mkononi mwake.

Mimi ni fundi wa cherehani Kawangware 46. Nashona sare za shule na majoho ya kwaya, na kutwa nzima nimeketi. Shemeji akaniwekea app ya kuhesabu hatua. Simu huwa naiweka mfukoni mwa aproni, juu ya paja, na mguu wangu uko kwenye pedeli ya cherehani. Basi wiki moja ya sare ikanipongeza kwamba nimetembea mwendo wa kufika Thika na kurudi. Sikuwa nimefika hata kwa muuza mboga. Akaniwekea nyingine ya kunikumbusha kunywa maji. Ililia kila saa, hata zile siku tatu ambazo mfereji wa ploti ulikuwa mkavu na tulikuwa tukipanga mitungi tangu alfajiri. "Umekunywa maji?" inaniuliza. Maji gani, mjinga wewe? Kwake Ayany mfereji uko jikoni. Akaniwekea ya kutambua mimea, unapiga jani picha inakutajia jina. Nilipiga picha sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia nje ya mlango wa jirani, ikaniambia ni ua la mapambo. Ile ya tochi, nikiri, ilinifaa mwaka mzima, mpaka nikagundua simu ilikuwa imekuja na tochi yake.

Nilizifuta moja moja. Mwishowe nikawa akinipigia na kuanza tu na "sister, kuna kitu nataka kukuambia," mimi nakata simu. Nilijivunia sana jambo hilo. Niliwasimulia hata wateja, tukacheka.

Haya yote ningeyasamehe. Lakini alifika kwa mama.

Mama alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo ndani ya Kibera, anaishi chumba kimoja nyuma ya kanisa, katika nyumba ya mama mmoja Mnubi ambaye wamezeeka pamoja. Alianza kupima omena kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, kabla mimi sijaanza shule. Mkebe uliobonyezwa kitako ili ujae haraka aliutambua kwa mbali. Nimemwona akimrudishia mwuzaji wa jumla mkebe wake mbele ya watu na kumwambia aende nao nyumbani akawapimie wanawe uji. Hakuna kipimo cha kumdanganya mama yangu. Naomba mlikumbuke hilo.

Na mama ana presha. Kliniki walimwandikia dawa za kumeza kila siku na wakamtaka arudi kila mwezi kupimwa. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Mara moja kwa mwezi nilifunga cherehani, nikatembea mpaka Kibera, nikamtoa kwenye beseni lake kabla hajauza chochote, tukaenda kupanga foleni. Nesi alimfunga kile kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akasoma, akanuna. "Mama, hizi dawa unakunywa ama unaweka tu kwa kabati?" Hapo ndipo mimi nilipoanza. Nilimgombeza pale pale kwenye benchi, nikamgombeza njia nzima ya kurudi: chumvi, mafuta, vidonge alivyoruka, ukaidi wake wa tangu zamani. Watu waligeuka kututazama. Sikujali. Ukweli huuma, nilikuwa nawaambia, na asiyetaka kuumwa na mwanawe ataumwa na nani?

Shemeji aliyajua hayo, akaleta dawa yake. Jumapili moja alikwenda kumsalimia mama, akakaa kwenye kigoda kando ya mlango, kama inavyompasa. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, haketi naye kiti kimoja, hata kikombe cha chai mama mkwe humwekea mezani, mwenyewe akakichukua. Kwa hiyo hakuweza kumshika kidole amwelekeze. Aliiweka app kwenye simu ya mama, akairudisha simu mezani, kisha akamwonyesha kwa kidole chake mwenyewe, kutoka pale mlangoni: unaifunika kamera na taa, unatulia, unasubiri. Mama akaiga. Ile taa hupata moto kidogo, naye akasema anasikia inavuta damu. Namba zikaja, na chini ya namba ua la kijani na maneno ya Kiswahili safi: Hongera, presha yako iko sawa.

"Si umeona, mama?" shemeji akasema. "Hakuna haja ya kupanga laini tena."

Mdogo wangu alinisimulia haya kwa furaha. Nilifoka, lakini tuseme ukweli: ulikuwa msimu wa sare, nguo zimejaa mpaka chini ya kitanda, na sikusikitika sana kubaki kwenye kiti changu. Mwezi wa kwanza mama hakwenda kliniki. Wa pili hakwenda. Nilipiga simu.

"Kliniki umeenda?"

"Nimejipima. Niko sawa."

"Hiyo kitu ni takataka, mama!"

"Haya. Umeniambia. Enda ushone."

Nikashona. Nasikia ilifika mahali majirani wanapita asubuhi kabla ya kwenda vibaruani, kila mmoja anafunika kamera kwa kidole, kila mmoja anapewa hongera yake anaondoka anacheka. Mwenye nyumba peke yake alikataa. Alisema kidole chake kina kazi ya tasbihi, hakina nafasi.

Ni yeye aliyenipigia, mwezi wa nne bila kliniki, asubuhi ya Jumanne. "Kuja sasa hivi," akasema. "Mama yenu ameanguka hapa kwa beseni ya omena, na mdomo umeenda upande." Niliacha sketi ya mtoto wa watu chini ya sindano, mlango wazi.

Hospitalini upande wake wote wa kushoto ulikuwa umelala. Presha ilikuwa juu mno. Nesi aliniuliza miezi yote hiyo tulikuwa wapi, nami nilikuwa na jibu tayari, jibu lenye mke na kibanda cha kava. Nilikaa kwenye benchi la nje nikimsubiri shemeji. Mkono mmoja ulikuwa na simu ya mama, mwingine chapati niliyonunua langoni nikashindwa kuila. Sijui ni shetani gani aliyenituma. Niliifungua ile app, nikaikandamiza chapati juu ya kamera, nikatulia, nikasubiri kama mgonjwa.

Hongera, presha yako iko sawa.

Nikajaribu na kona ya benchi. Hongera. Na mimi nilifurahi. Siwezi kuficha. Mama amelala ndani hana mkono wala mguu wa kushoto, na mimi nje nimefurahi, kwa sababu nilikuwa nimempata shemeji.

Alikuja mbio, kifua kinapanda na kushuka. Sikumpa nafasi ya kuuliza. Nilimsukumia chapati usoni. "Ona! Chapati haina presha! Ipe hongera! Umemuua mama yangu kwa mchezo wa watoto!" Nilimwita majina ambayo hayaandikwi. Askari wa lango alikuja akasimama karibu. Shemeji hakujitetea. Alitazama chapati, akatazama simu, machozi yakamtoka mbele za watu, na bado sikumhurumia.

Halafu akasema, polepole, "Mashine ya ukweli nilinunua kwanza, sister. Ile ya kufunga kwa mkono. Iko kwa nyumba mpaka leo."

"Sasa mbona hukuleta?"

"Nani angemfunga? Mimi siwezi kumgusa. Bibi yangu anatoka alfajiri, anarudi giza. Nilikupigia nikuulize kama unaweza kuwa ukipita, hata mara mbili kwa wiki." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nikasema kuna kitu nataka kukuambia. Ukakata."

Nikamwacha pale pale nikaingia wodini, kwa mtu ambaye huwa sikosi la kumwambia.

Mama alikuwa macho. Nilimsogezea simu karibu na jicho la upande ulio mzima, na ile chapati juu yake. "Umeona, mama? Umeona hii kitu yako? Imepima chapati!"

Aliitazama chapati. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja.

"Mimi nilipima waru," akasema.

"Nini?"

"Wiki ya kwanza. Nilipima waru. Kiazi. Nikapima gorogoro." Akapumua. "Zote zilikuwa sawa."

Hasira ikanipanda, ile ile ya siku zote, ninayoijua kuliko ninavyoujua uso wangu. "Ulijua? Ulijua ni ya uongo na bado ukaacha kliniki? Mama, kwani wewe ni mtoto? Kwani—"

Akauinua mkono wa kulia, ule uliobaki.

"Ilikuwa inaniambia hongera," akasema. "Wewe ukija, unakuja na kelele."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza upande wa ukutani. Nilibaki nimeshika chapati, sijui niiweke wapi.

Sasa mama anakaa kwangu Kawangware, kitanda chake kiko nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Beseni la omena tulimwachia mwenye nyumba. Mashine ililetwa kutoka Ayany. Shemeji aliiweka mezani, akarudi nyuma mpaka mlangoni, nami nikaichukua. Bado simpendi. Chai humpa, na simu yangu huiweka mbali. Ile app niliifuta mama akitazama, wala hakusema kitu.

Kila asubuhi, kabla sijashona, namfunga kitambaa mkono wa kulia. Kinapojaa hewa, mimi tayari nimeshaona kidonge cha jana alichokificha chini ya sahani. Maneno yote yananijia kooni, yamejipanga. Namba zinasimama. Mama hazitazami. Ananitazama mdomo.