Nyumbani Hawajambo

Mie ni nesi, na ulimi wangu hauna breki. Wodi nzima inajua. Basi nkisema Bi Mayasa alikuwa muungwana, lichukueni neno hilo kwa uzito wake, maana sisifu watu ovyo.

Hospitali yetu iko nje ya mji, kabla hujafika Bububu. Si kubwa, lakini chuo cha udaktari kinatuletea wanafunzi wake waje wajifunze kwetu, kwa hiyo mtu kaja na homa yake ya kawaida, mara anajiona kazungukwa na makoti meupe kama bwana harusi. Wagonjwa wengine hununa. Bi Mayasa ndiye aliyekuwa akiwatuliza. "Waacheni wajifunze," atasema, "kesho ndio watakaotushika sisi."

Wakati huo yeye si mgonjwa. Alikuwa akija kukagua wagonjwa tu, kuwajulia hali. Lango la wageni likifunguliwa alasiri, utamwona anaingia na kapu lake la ukili, ndani mna chupa ya chai, mikate ya kusukuma na bakuli la mchuzi lililofungwa kitambaa. Ananijia mie kwanza, tunaamkiana, kisha ananiuliza, "Leo nani hana mtu?" Namwonesha. Pengine ni mama wa Nungwi ambaye jamaa zake wako mbali, pengine msichana wa kazi aliyetoka bara. Bi Mayasa atakaa naye, atamlisha, atamfumua nywele na kumsuka upya, na atasikiliza hadithi ile ile mara ngapi sijui bila ya kupiga mwayo. Nikimtania, "Wewe Bi Mayasa umezaa Unguja nzima." Naye hucheka kwa kujiziba mdomo na khanga.

Nilichokijua juu yake ni kwamba kwao Kizimkazi lakini kaolewa upande huu wetu, mumewe kafariki, na mwanawe wa pekee, Mudrik, yuko Maskati anafanya kazi. Zaidi ya hapo sikuuliza. Mtu anayepika chakula kingi vile huwezi kumdhania anakaa peke yake. Nilijua tu nyumba yake imejaa watoto wa ndugu zake, kama zilivyo nyumba zetu. Na kila siku nikimuuliza, "Nyumbani hawajambo?" naye ananijibu, "Hawajambo, alhamdulillah."

Kisha akaugua yeye. Sukari alikuwa nayo siku nyingi. Kipande cha chupa kikamchoma unyayoni, akakipuuza, kidonda kikachimba. Tukamlaza. Daktari Msabah, ndiye anayewafundisha wale wanafunzi, akamsafisha kidonda mwenyewe na akampa Hafiz kazi ya kumfuatilia.

Huyo Hafiz ni kijana wa Mkunazini, yuko mwaka wa mwisho, na adabu zake utazipenda. Hamgusi mgonjwa kabla hajampa shikamoo. Mwanafunzi aliyetoka mbali angemuuliza Bi Mayasa kavukavu: unaishi na nani? Hafiz kalelewa. Kumhoji mwanamke mtu mzima nyumbani kwake mna nani aliona ni utovu wa adabu, basi akamuuliza tunavyoulizana siku zote.

"Bibi, nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mwanangu."

"Wote?"

"Wote, alhamdulillah."

Mie nilikuwepo, nafunga bendeji. Sikuona kasoro hata chembe.

Daktari Msabah alipopita na wanafunzi wake, kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama nzuri. Akawaambia wote wasikie kwamba mguu huu utapona kwa sharti moja, bibi asiukanyage. Asiende kisimani, asisimame jikoni, na aletwe kila baada ya siku mbili asafishwe. Akiukanyaga, mguu utakatwa. Kisha akamgeukia Hafiz. "Nyumbani ana watu wa kumhudumia?"

"Wapo, daktari. Nimemuuliza, hawajambo wote."

"Bibi, watakuleta?"

"Watanileta," akasema Bi Mayasa.

Akapewa ruhusa. Gari ya jirani ikaja kumchukua, nami nikamkabidhi dawa zake na kumpungia mkono.

Siku ya kusafishwa ilipofika hakuonekana. Ya pili pia. Nikasema labda wanampeleka kituo cha afya cha karibu, wamwepushe na safari. Nikaendelea na kazi zangu, wodi imejaa, nani ana nafasi ya kufukuzana na waliokwishatoka.

Wiki ile ya pili, alasiri, lango limefunguliwa, namwona Bi Mayasa anaingia na kapu lake. Anachechemea, jasho linamtoka, mguu kauzungushia kipande cha khanga. "Badria," akanambia, "leo nani hana mtu?"

 Harufu ilinifika kabla yake. Nilimkalisha kwa nguvu, nikaifungua ile khanga, na bendeji niliyoikuta ndani ni ile ile niliyoifunga mie kwa mikono yangu. Vidole viwili vishakuwa vyeusi. Hasira ikanipanda, nikamwita Hafiz kwa sauti iliyowafanya wageni wote wageuke.

"Bi Mayasa, watu wako wako wapi?" nikamuuliza. "Wanakuachaje ufike hali hii?"

"Wametoka."

"Wametoka wamekwenda wapi? Usinichezee."

Akashika ncha ya khanga, akawa anaikunja na kuikunjua. "Hapana mtu, mwanangu," akasema. "Tangu Mudrik kuondoka, hapana mtu. Jirani naye kapakia mizigo yake kaenda kwa bintiye Pemba."

Hafiz alisimama pale uso umemshuka. "Bibi, si nilikuuliza? Ukanambia hawajambo wote."

"Ulinisalimia, baba. Mtu akikusalimia kwa adabu, nyumbani hawajambo, utamjibu nini? Utamwambia hawapo?" Hakumwambia kwa ukali. Alimwambia kama anayemfundisha. "Na hiyo siku ya kusafishwa, nshasema mbele ya watu kwamba nitaletwa. Ningekuja peke yangu ningeonekana nani? Lakini kuja kukagua wagonjwa, hilo nnaweza kuja peke yangu, hakuna atakayeniuliza."

Na kile chakula kingi? Alipika vile kwa sababu alizoea kupikia nyumba nzima, na mkono wake haukukubali kupunguza. Kingine aliwaletea wagonjwa wetu, kilichobaki alikula yeye na paka. Wazee walisema, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake.

Daktari Msabah hakumgombeza Hafiz. Angemgombeza vipi, na yeye mwenyewe kazaliwa Unguja hii hii, na jibu lile lilimtosha yeye vile vile. Bi Mayasa akapelekwa hospitali kubwa mjini, mguu ukakatwa chini ya goti, akarudishwa kwetu apone. Nililia siku ile, chooni, na sioni haya kusema.

Sasa ikawa alasiri lango linafunguliwa, kila kitanda kinapata watu wake, vyombo vinafunguliwa, wodi inanukia pilau na samaki, na kitanda chake kimoja tu kiko kimya. Hafiz huja akimaliza masomo, humletea chai, hukaa. Lakini kijana ana mitihani yake, hawezi kila siku. Mie nina wagonjwa. Bi Mayasa anatazama mlango huku anajifanya hatazami, na hilo lilinichoma kuliko kisiki cha mguu wake.

Siku moja wakati huo huo wa wageni simu yake ya kitochi ikalia. Mkono mmoja una dripu na mwengine hauna nguvu, nikamshikia simu sikioni. Sauti ya Mudrik ilikuwa kubwa, na mie niliisikia.

"Shikamoo mama. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Nikamkazia macho. Leo mwambie, nikasema moyoni. Mguu huna, uko hospitali, mwambie arudi.

"Marahaba, baba. Mie sijambo. Na nyumbani hawajambo wote, wanakusalimia."

"Nasikia watu wengi hapo. Nani na nani?"

 Bi Mayasa aliinua macho akanitazama, kama mtu anayeomba maji. Ulimi wangu nshawaambieni ulivyo. Maneno ya kumwambia yule kijana nilikuwa nayo, tena makali, nimeyapanga tangu siku ya ile khanga. Nikaisogeza simu kinywani kwangu.

"Hatujambo, baba," nikasema. "Sote hatujambo."