Huduma Bandia Haikuwahi Kunyamaza

Mwaka wangu wa mwisho kazini niliitwa kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Hai Jalaba kushuhudia majaribio ya mfumo mpya wa hati za kusafiria. Nilikwenda kwa niaba ya masjala ya vizazi, kwa kuwa mfumo huo ungetuuliza sisi, kupitia mtandao, kama mwombaji anajulikana. Nayaandika yaliyotokea kwa mpangilio wake, maana siku hizi husimuliwa kana kwamba hakuna aliyeonya.

Seva yetu ilikuwa bado haijaunganishwa. Mafundi kutoka Kampala waliweka badala yake huduma bandia ndani ya kompyuta yao: mfumo ukituma jina, huduma hiyo hujibu papo hapo, "yupo" au "hayupo", kama walivyoiagiza. Sikuona ubaya. Hata sisi tuliwafundisha makarani wapya kwa majalada ya watu wa kubuni. Hata hivyo niliinua mkono.

"Na jenereta yetu ikizimika?"

"Mzee, hii ni jaribio tu," fundi mkuu alisema. "Hapa umeme iko."

"Ndiyo maana nauliza. Masjala yangu hunyamaza mara nyingi kuliko inavyojibu. Iagizeni hiyo ya bandia nayo inyamaze, tuone mfumo utafanya nini."

"Mzee anataka tutengeneze mashine ya kukaa kimya! Si nyinyi watu wa serikali mnakaa kimya bila mashine?"

Walicheka wote, mkurugenzi wangu akiwamo. Kisha akatia sahihi ya kuupokea mfumo.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu wakati macho ya dada yangu mkubwa yalipoanza kufifia. Aliuza ufuta katika soko la Konyo Konyo, na wateja walianza kumrudishia ufuta huo wakilalamikia mchanga asiouona. Daktari alisema upasuaji unapatikana Kampala, ila usicheleweshwe; presha ya macho ikizidi, hautamfaa tena. Nikampeleka kuomba hati.

Karani wa dirishani, mwanamke aliyekulia ukimbizini Uganda, aliandika jina, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Mafi, mzee. Hakuna. Kompyuta inasema huyu mama hayuko."

"Hayuko vipi, naye amekushikia dirisha?"

"Mimi naona yeye. Kompyuta ndiyo haioni."

Dada akacheka. "Basi tumelingana, mwanangu. Mimi nayo siioni."

Nilikwenda masjala. Jalada lake lilikuwapo, kwenye rafu ileile nilikoliacha. Kilichokosekana ni dizeli ya jenereta, na seva ilikuwa imezimika. Mfumo, ambao haukuwahi kukutana na ukimya, uliusoma ukimya huo kuwa "hayupo" na kulifunga ombi. Nilirudi dirishani na nakala yenye muhuri. Nikajibiwa kwamba mkono wa mtu hauruhusiwi kubadili jibu la mfumo. Tuliomba upya, dizeli ikiwa bado haijaja, na jibu likawa lilelile. Mimi niliyeyatunza majalada hayo maisha yangu yote ya kazi nilisimama pale na ushahidi mkononi, nikiambiwa nipishe foleni.

Hatimaye mafundi waliitwa, wakaufundisha mfumo kusubiri na kuuliza tena. Hati ikatoka. Wiki hiyohiyo daktari alimmulika dada macho, akazima tochi taratibu, akaniambia tusijisumbue na safari.

Nilimpelekea hati nyumbani hata hivyo; ilikuwa yake. Alipapasa jalada la hati, akaufungua ukurasa wa kwanza kwa kidole gumba.

"Picha imetoka vizuri?"

Nilimjibu kwamba imetoka vizuri. Ilikuwa kweli. Macho yake yalitazama kamera moja kwa moja.