Msomaji wa Safu Yetu

Katika safu yetu ya mitambo ya kufuma, hapa kiwandani Lancashire, Uingereza, mmoja tu alijua kusoma. Kila Jumamosi gazeti lilipotoka alitusomea hadithi wakati wa chai, akifuata mistari kwa kidole chenye nyuzi za pamba, akikohoa hasa pale penye utamu. Wiki nzima alikuwa ametuachia Lettice, binti wa hadithi, mahututi kitandani. Jumamosi hii akachelewa, akafika chai imeshaisha. Mitambo ikaanza kunguruma, na ikishanguruma sisi huongea kwa midomo tu, bila sauti. Keziah, mfumaji mwenzetu, akashindwa kuvumilia: “Shoga, kafa?” Msomaji wetu kwanza akaunga uzi uliokatika, taratibu, kama hakuulizwa kitu, halafu akatugeukia. “Mzima. Anadai uji.” Safu nzima tukapiga vigelegele, na msimamizi aliyesimama mgongoni mwetu hakusikia hata kimoja.