Wifi Yangu na Kikopo cha Makohozi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni msusi. Mtaani wanamwita Chapuchapu, maana vidole vyake vikishika nywele huvioni, unaona kichwa kimependeza tu. Mdomo wake nao hauna breki. Hakujaliwa mtoto, basi kitinda mimba wangu amemfanya wake. Binti anakula kwake, analala kwake, na akiudhiwa nyumbani anabeba mto na kuhamia kwa shangazi.

Ndiyo maana kikohozi cha wifi kilininyima usingizi. Kilianza kama mafua, kikakataa kuondoka. Nikawa namtazama: gauni limelegea mabegani, akisuka anasimama kidogo kushika ukuta. Nikimwambia, anacheka.

"Wewe wifi, hata kuku akipiga chafya unataka alazwe."

Siku alipoamka shuka limelowa jasho, akaacha mzaha mwenyewe.

"Twende kupima," alisema. "Huyu mtoto tunapumuliana usoni usiku kucha. Siwezi kulala na kitu nisichokijua."

Kliniki ya bure iko nyuma ya ghala la mbao: vyumba viwili, na benchi refu uani. Muuguzi alimpa kikopo chenye mfuniko, akamweleza avute pumzi, akohoe kutoka kifuani na kutemea humo. Mahali pa kukoholea ni palepale uani, penye hewa, kando kidogo ya benchi. Ndani hawaruhusu, watu wasiambukizane. Na kwenye benchi walikuwepo wateja wake, vichwa alivyovisuka kwa mkono wake.

Wifi aliwapungia, akazunguka nyuma ya tangi la maji. Akarudi upesi mno. Nikachungulia kikopo, nikaona kama povu la sabuni.

"Wifi, hayo ni mate."

"Mate na makohozi si ndugu? Yatajuana huko huko."

Kijana wa maabara alikiinua kwenye mwanga, akakirudisha dirishani. "Mama, hapa nikipima nitakuta hakuna kitu, nawe utarudi nyumbani na ugonjwa wako. Nataka ya kifuani." Akampa kikopo kipya.

Wifi akanivuta pembeni. "Wale wakisikia kifua changu kinavyonguruma, kesho nitamsuka nani? Wewe si una mafua? Hebu nikoholee."

Nilikataa. "Nikikukoholea watapima kifua changu. Mwanangu halali na changu, analala na chako."

Wifi akashika kikopo, akaenda hadi pale peupe, akavuta pumzi, akakohoa akiwa amejikunja, mkono kwenye goti. Benchi zima liligeuka. Mwanamke mmoja akavuta mtandio puani, akasema, "Kumbe!"

Wifi aliinua mkono kumwomba asubiri, akakohoa tena, akatema, akafunga mfuniko.

"Kumbe nini? Nina kifua, nimekuja kupimwa. Wewe umekuja kuuza sura?"

Watu walicheka, hata yule wa mtandio.

Kesho yake tuliitwa ndani. Daktari hakuzunguka: ni kifua kikuu, kinatibika, dawa kila siku kwa miezi sita bila kuruka. Saluni afunge kwanza mpaka aambiwe. Na waliolala naye wapimwe, mtoto akiwa wa kwanza.

"Nitamleta mimi," alisema wifi.

"Mimi ndiye mama yake."

"Ndiyo, na utamtia hofu na hayo macho yako. Nitamleta mimi."

Akafunga saluni. Kila aliyeuliza alimwambia sababu, na kumwambia akapime. Wapo waliohamia kwa msusi mwingine. Aliwataja mmoja mmoja, akasonya, akaendelea.

Asubuhi alikuja kumchukua binti, amefunika mdomo na pua. Nilifuata nyuma. Walimpima uzito, wakampiga picha ya kifua, wakatuweka hadi mchana. Hakuwa na ugonjwa, akapewa vidonge vya kinga.

Siku hizi binti analala kwangu. Asubuhi anameza vyake mezani, na wifi anameza vyake akiwa nje, mlangoni, ili waonane. Binti akikunja uso, anaambiwa, "Meza! Vyangu ni vikubwa kama vifungo vya koti na sijalalamika."

Amelalamika sana tu. Lakini anameza.