Debe la Asali Nyuma ya Kiti

Miezi michache iliyopita kijana anayenitengenezea gari aliitazama kompyuta yake, akasonya, akasema, "Mama, gari lako ni jepesi mno nyuma. Inabidi tuliongezee uzito." Mimi, mwanamke mwenye shahada mbili, goti moja bovu na kigari cha viti viwili nilichotumia mwaka mzima kukipunguza uzito kwa ajili ya mashindano ya Jumamosi, niliangua kicheko mpaka akaogopa. Pua yangu ilikuwa imeshafika Ipuli, Tabora, kwenye harufu ya asali.

Twende wote. Ua wa bibi yangu mzaa mama ulipakana na gereji, kati yake kukiwa na uzio wa minyaa tu. Jioni bibi, mama mdogo na mimi tulikaa barazani kumenya karanga, tukisikia nyundo za fundi upande wa pili. Fundi alikuwa na kigari kidogo kama changu, alichoachiwa na mwenyewe alipohama mji. Jumapili baada ya ibada, wenye magari walikusanyika kwenye uwanja wa kununulia tumbaku, mtupu kwa kuwa msimu umekwisha, wakapanga mapipa na kupita katikati yake mmoja mmoja, mwalimu wangu wa hesabu akiwashikia saa. Kugusa pipa lilikuwa kosa. Kuliangusha ilikuwa aibu ya wiki nzima.

Fundi alitaka kushinda, na alitaka kumwoa mama mdogo. La kwanza alilisema kwa sauti. La pili alilisema kwa kuja kuazima chumvi kila jioni, ingawa hatukuwahi kumwona akipika.

Alikivua kigari kila kitu: kiti cha abiria, gurudumu la akiba, mazulia, hata kisahani cha majivu ya sigara. Kikawa chepesi kweli, kikaanza kurusha makalio kwenye kona kama ndama. Akaweka dumu la maji nyuma. Akikata kushoto, maji yanakimbilia kulia, na pipa linalala.

"We mchunga ng'ombe!" bibi alimwita juu ya minyaa, maana fundi alikuwa mtoto wa wafugaji wa Choma. "Maji yana haraka kuliko wewe. Beba asali. Asali haina papara."

Bibi alikuwa mjukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huko hadi pwani, na watu wote aliwapima kwa kipimo hicho. Mpagazi, alisema, hasifiwi mbio. Husifiwa mzigo uliofika. Akaingia stoo, akatoka na debe lake la asali, lile lililowekwa kwa ajili ya harusi ya mama mdogo, siku yoyote itakayokuwa. Akachovya bua la mtama na kulitia alama pale asali ilipofika.

"Likirudi limejaa mpaka hapa, lete wazee wako tuzungumze. Likipungua, chumvi kanunue dukani."

Mama mdogo aliendelea kumenya ganda lililokuwa tupu zamani.

Fundi akaogopa kumwaga. Usiku kucha aliwaza, asubuhi akayeyusha nta na kuuzungushia mfuniko wote. Mtoto yeyote wa Ipuli angemwambia: ukitaka nyuki waingie kwenye mzinga mpya, unaupaka nta. Lakini yeye alijua ng'ombe.

Nyuki walimfikia uwanjani akisubiri zamu yake. Kwanza watatu, halafu wingu. Watu tukatimka.

"Umetengeneza mzinga wenye magurudumu!" bibi alipiga kelele.

"Tupa debe nje, mjinga!" dereva mmoja wa lori akadakia kutoka juu ya lori lake.

Fundi alilitazama debe, akamtazama mama mdogo, akaingia na kufunga mlango.

Sijaona tena gari likiendeshwa vile. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukijipiga kofi shingoni, nyuma ya gari imeng'ang'ania ardhi kama imegundishwa. Pipa halikutikisika hata moja. Kwenye mstari wa mwisho hakusimama. Alinyoosha na barabara ya Ipuli, nyuki wakimfuata kama moshi. Mwalimu, kwa kicheko, alisahau kutazama saa.

Tulimkuta mlangoni kwa bibi, debe katikati ya miguu, uso umeumuka.

"Shikamoo, mama," alisema kwa midomo isiyofunga.

"Marahaba. Tulia nipime."

Bua likazama. Likatoka, asali imefunika alama. Bibi akalilamba taratibu, makusudi kabisa.

"Waite wazee wako. Ila wewe usije mpaka uso urudi, wasidhani tunaozesha kwa boga."

Uwanja ule sasa umejaa nyumba, minyaa imekuwa ukuta wa matofali, na bibi amepumzika. Jioni ile ya kompyuta nilimpigia simu fundi, baba yangu mdogo tangu miaka hiyo.

"Umetoa kiti cha abiria, mazulia, redio?"

"Vyote, baba."

"Sasa umebeba nini?"

Nyuma yake nilimsikia mama mdogo: "Mwambie asipake nta!"

Wiki iliyofuata debe lilinifikia kwa basi. Kwenye mpini walikuwa wamefunga bua la mtama, lenye alama.

Tangu hapo nalibeba nyuma ya kiti, naendesha nisilimwage, na nimeshika mkia kila Jumamosi. Kila nikirudi nyumbani nachovya bua, na asali iko palepale.